Mwalimu wa Kesho na Mazingira ya Mtaa: Mtazamo Wake Hupimwaje?

Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wa mitaa ya Eastlands

 

Kila mwaka, walimu watarajiwa kutoka vyuo vya ualimu na vyuo vikuu huingia katika shule za Eastlands kwa mazoezi ya kufundisha. Hukaa wiki kadhaa, hufundisha, hukaguliwa na wahadhiri wao, kisha huondoka. Mzazi huwaona langoni asubuhi wakiwa na mafaili mkononi, na huenda asiulize zaidi. Lakini miongoni mwa hao ndimo watakamotoka walimu watakaowafundisha watoto wa jiji hili kwa miaka 30 ijayo.

Swali la leo ni moja. Mtu atajuaje kama mwalimu huyo mtarajiwa anayajali mazingira kweli, au anajua tu kuyataja kwenye mtihani? Na akishapata jibu, alifanyie nini? Mada hii huonekana kuwa ya wasomi, ya hojaji na hesabu. Ukweli ni kwamba inamgusa kila mzazi mwenye mtoto anayevuka mtaro wa majitaka kwenda shuleni.

Kwa nini mwalimu

Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 69 kinaitaka Serikali ifanye kazi ya kufikisha miti kwenye angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi, na kinamtaka kila mtu ashirikiane na vyombo vya serikali katika kuyatunza mazingira. Haki na wajibu vimewekwa pamoja. Lakini mtoto hasomi Katiba. Yeye humsoma mwalimu wake.

Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi. Elimu ya chekechea na uondoaji wa taka ni kazi za kaunti. Shule za msingi, za upili na vyuo vikuu ni kazi ya Serikali ya Kitaifa, na walimu wa shule za umma huajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Kwa hivyo mtoto mmoja wa Kayole hupita mikononi mwa serikali mbili kabla hajamaliza gredi ya kwanza. Kama walimu wa pande hizo mbili hawaoni jambo moja wanapotazama taka iliyorundikwa nje ya ua wa shule, mtoto atachanganyikiwa.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, uliweka somo la Shughuli za Mazingira katika gredi za kwanza za msingi. Mafunzo ya walimu nayo yalibadilika. Cheti cha P1 cha miaka miwili kilitoa nafasi kwa stashahada ya miaka mitatu, na wanafunzi wa kwanza wa mpango huo waliingia vyuoni mwaka 2021. Mtaala huu haumtaki mwalimu asomeshe tu majina ya vitu. Unamtaka alee maadili na uwezo wa kutenda. Hapo ndipo swali la mtazamo linapoingia. Majina ya sehemu za mmea yanaweza kufundishwa na mtu yeyote aliyeyakariri, lakini kuujali mmea hakufundishwi na mtu asiyeujali.

Mtaa wenyewe unasema nini

Jaa la Dandora lilianza kutumika katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 2007, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, ambalo makao yake makuu yako Gigiri hapa hapa Nairobi, lilitoa matokeo ya uchunguzi kuhusu jaa hilo na afya ya watu wanaoishi karibu nalo. Watoto na vijana 328 wa umri wa miaka 2 hadi 18 walipimwa. Takriban nusu yao walikutwa na madini ya risasi kwenye damu kwa kiwango cha mikrogramu 10 au zaidi kwa kila desilita, kiwango ambacho wakati huo kilihesabiwa kimataifa kuwa cha hatari. Leo Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Risasi huathiri ubongo unaokua. Mtoto aliyeathirika anaweza kukosa utulivu darasani, akasahau upesi na kuchelewa kuelewa. Sasa mfikirie mwalimu mgeni, aliyesomea mahali pengine, anayeletwa katika shule iliyo karibu na jaa. Mbele yake kuna mtoto asiyetulia. Mwalimu asiyehusisha mazingira na afya atasema mtoto huyu ni mvivu au ni mtundu. Mwalimu anayehusisha atauliza maswali mengine: anaishi wapi, anacheza wapi, ananawa mikono kabla ya kula, mama yake amempeleka kliniki? Tofauti ya walimu hao wawili haiko katika cheti. Iko katika namna wanavyoutazama mtaa.

Mito nayo ina habari yake. Mto Nairobi, Mto Mathare na Mto Ngong hupita katikati ya makazi ya Eastlands, ikipokea majitaka na taka njiani. Mvua kubwa za Aprili na Mei 2024 zilipoleta mafuriko, wakazi wa Mathare walikuwa miongoni mwa walioumia zaidi jijini. Mtoto aliyeona maji yakibeba godoro la nyumbani kwao hahitaji kuambiwa kwamba mazingira ni muhimu. Anahitaji mwalimu anayeweza kumweleza kwa nini mtaro ulioziba na mto uliobanwa humrudia mwenye nyumba, na ni nini kinachoweza kufanywa.

Kipimo hutengenezwaje

Mtazamo hauonekani kwa macho wala haukai kwenye kilo. Hata hivyo, wataalamu wamekuwa wakiupima kwa karibu miaka 100. Mwaka 1928 mwanasaikolojia wa Marekani Louis Thurstone alichapisha makala ya kutetea wazo kwamba mitazamo inaweza kupimwa. Mwaka 1932 mwenzake Rensis Likert alileta njia rahisi zaidi, ambayo hadi leo karibu kila mtu aliyewahi kujaza hojaji ameikuta. Mtu husomewa kauli, kisha huchagua jibu moja kati ya matano: nakubali kabisa, nakubali, sina hakika, sikubali, sikubali kabisa. Kila jibu hupewa alama, kutoka 5 hadi 1, na alama zote hujumlishwa.

Katika mambo ya mazingira, kipimo kilichotumika sana duniani kilitungwa na wanasosholojia wa Marekani Riley Dunlap na Kent Van Liere mwaka 1978, kikiwa na kauli 12. Mwaka 2000 kilifanyiwa marekebisho na kuwa na kauli 15. Kauli hizo humgusa mtu katika mambo makubwa: kama dunia ina mipaka ya watu inayoweza kuwabeba, kama binadamu ameumbwa kuvitawala viumbe vingine, kama uwiano wa maumbile huvunjika kwa urahisi, kama akili ya binadamu itamwokoa na kila tatizo, na kama hatari ya maangamizi ni ya kweli. Kimetumiwa kwa wakulima, kwa watu wa mijini na kwa wanafunzi wa vyuo, wakiwemo wanaosomea ualimu.

Kauli 8 kati ya hizo 15 zimeandikwa ili anayejali mazingira akubali. Kauli 7 zimegeuzwa, ili anayejali akatae. Wakati wa kusahihisha, kauli zilizogeuzwa huhesabiwa kinyume: 5 huwa 1, na 4 huwa 2. Sababu yake ni rahisi. Chukua mwanafunzi mwenye haraka, anayetaka kwenda kula, anayeweka alama kwenye "nakubali kabisa" kutoka juu hadi chini bila kusoma. Kama kauli zote zingeelekea upande mmoja, angepata 75 kati ya 75 na kuitwa shujaa wa mazingira. Kwa kuwa 7 zimegeuzwa, anapata alama 40 kwa zile 8 na alama 7 kwa zilizobaki. Jumla ni 47, karibu na katikati. Kipimo kimemnasa.

Lakini jumla peke yake inaweza kuficha mengi. Mwanafunzi aliyejibu "sina hakika" kwa kauli zote 15 anapata 45. Mwingine, akiwa na msimamo mkali kuhusu viumbe na maumbile, anapata 5 mara saba. Lakini kwa kuwa anaamini sana kwamba teknolojia itatuokoa na kwamba maangamizi hayapo, anapata 1 mara saba na 3 mara moja. Jumla yake pia ni 45. Mmoja hana msimamo, mwingine ana misimamo miwili mikali inayopingana. Chuo kikisema tu kwamba "wastani wa walimu wetu ni 45", hakijasema kitu cha kumsaidia mkufunzi. Ndiyo maana mzazi au mjumbe wa bodi ya shule akionyeshwa wastani, ana haki ya kuuliza: majibu yenyewe yalikaaje?

Mitego mitatu

Mtego wa kwanza ni kujipendekeza. Mwalimu mtarajiwa anajua mhadhiri wake anataka kusikia nini. Hojaji ikiletwa na mtu yule yule atakayempa alama za mazoezi ya kufundisha, atakubali kwamba miti ni uhai, maji ni uhai, na kila kitu ni uhai. Ukweli kwamba maneno na matendo ni vitu viwili ulionyeshwa zamani. Mwaka 1934 mwanasosholojia wa Marekani Richard LaPiere alichapisha habari za safari alizofanya nchini mwake na mume na mke Wachina, wakati Wachina walipokuwa wakibaguliwa. Katika hoteli, mikahawa na malazi 251 waliyofika, walikataliwa mara moja tu. Baadaye aliwaandikia wenye sehemu hizo akiwauliza kama wangepokea wageni Wachina. Zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu walisema hawangewapokea. Waliyoyaandika hayakufanana na waliyoyatenda.

Kwa mwalimu mtarajiwa, hali inaweza kuwa kinyume: akaandika mazuri, akatenda mengine. Anaweza kukubali kabisa kwamba kila mtoto anastahili hewa safi, na jioni hiyo hiyo akawasha kiberiti kwenye shimo la taka nyuma ya madarasa, plastiki na yote. Hapo hojaji itampa 5. Moshi utawapa watoto kikohozi.

Mtego wa pili ni lugha na mahali. Kauli nyingi za vipimo hivi zilitungwa kwa Kiingereza, kwa watu wa nchi nyingine. Neno "mazingira" lenyewe lina uzito tofauti kwa watu tofauti. Kuna anayelisikia akawaza ndovu wa Tsavo na msitu wa Karura. Mwingine wa Mukuru huwaza mtaro, choo na moshi wa kiwanda. Wote wawili wakikubali kwamba "mazingira yalindwe", hawajakubaliana juu ya kitu kimoja. Kauli yenye ukanushi mara mbili, kama "si kweli kwamba binadamu hapaswi kuingilia maumbile", humfanya hata mhadhiri asimame aisome upya.

Chukua pia wazo kwamba binadamu ana haki ya kuyabadilisha mazingira ili yamfae. Katika vipimo vya aina hii, anayekubali hupunguziwa alama. Lakini mkazi wa Mathare aliyepanga mawe ukingoni ili mto usiingie chumbani anakolala mtoto atakubali, na ana sababu. Kumwita mtu huyo asiyejali mazingira ni kukosea. Kipimo kizuri hutafsiriwa na mtu mmoja, kikarudishwa katika lugha ya kwanza na mtu mwingine, kisha matoleo mawili yakalinganishwa. Halafu hujaribiwa kwa watu wachache, wakiombwa waeleze kwa sauti walichoelewa katika kila kauli. Kazi hiyo huchukua muda. Kuiruka hupoteza mwaka mzima wa utafiti.

Mtego wa tatu ni kuchanganya mtazamo na uwezo. Mwalimu anaweza kupenda kuwafundisha watoto kutenganisha taka, lakini shule ina pipa moja lililotoboka. Anaweza kutaka kupanda miti, lakini uwanja wote ni saruji na maji huja mara mbili kwa wiki. Akionekana hafanyi lolote, ni rahisi kusema hana mtazamo mzuri. Upande wa pili, watu wanaweza kubadilisha matendo bila mtazamo kubadilika kwanza. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilianza tarehe 28 Agosti 2017, ikiwa na adhabu ya faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Watu walianza kubeba vikapu sokoni kwa sababu ya sheria. Hakuna semina iliyowatangulia milioni zote hizo. Kwa hiyo anayepima mtazamo aangalie pia sheria inasema nini na vifaa viko wapi, asije akamlaumu mtu kwa kosa la pipa.

Kipimo kinachofaa Eastlands

Njia ya kupima vizuri ipo, na haihitaji mashine.

Kwanza, pima mara mbili: kabla ya mazoezi ya kufundisha na baada yake, kwa watu wale wale. Wastani wa siku moja hausemi kama mtu amebadilika. Na kwa kuwa mtu anaweza kubadilika kwa sababu nyingine, kama mafuriko au habari za redioni, lipimwe pia kundi ambalo halikupata mafunzo hayo, ili tofauti ionekane.

Pili, hojaji isiwe na jina la mjibu, na isikusanywe na anayetoa alama za masomo.

Tatu, hojaji isiende peke yake. Mtafiti aangalie pia matendo. Katika maandalio ya masomo ya mwezi mmoja, ni mara ngapi mwalimu mtarajiwa ametumia mfano wa mtaa wenyewe? Amewahi kuwatoa wanafunzi nje ya darasa? Mabaki ya chakula cha mchana yanakwenda wapi siku za zamu yake? Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, aliutambua umuhimu wa kupima tendo na matokeo yake. Wanawake waliolea miche katika harakati hiyo walilipwa kiasi kidogo kwa mche ulioshika na kuendelea kuishi. Kuuchomeka ardhini na kupigwa picha hakukutosha. Shule zinazoripoti idadi ya miti iliyopandwa kila msimu zingefanya vyema kuripoti pia iliyo hai mwaka mmoja baadaye.

Nne, na hili ni zito kuliko yote, kipimo kiulize juu ya watu, si miti na mito peke yake. Katika mitaa inayozunguka jaa la Dandora, familia nyingi hupata riziki kwa kuokota na kuchambua taka: plastiki, vyuma kuukuu, karatasi, chupa. Watu hawa ndio wanaorudisha vitu viwandani vitumike tena, kazi ambayo jiji lingelazimika kulipia kwa njia nyingine. Watoto wao wamo madarasani. Mwalimu mtarajiwa anaweza kupata 70 kati ya 75 kwenye kipimo cha kimataifa, kisha akasimama mbele ya darasa na kusema watu wa taka ni wachafu. Mtoto wa mchambuaji taka atajifunza nini siku hiyo kuhusu mazingira? Atajifunza kuficha kazi ya mama yake.

Kwa hiyo kauli za Eastlands ziwe za Eastlands. Kwa mfano: "Anayechambua taka anafanya kazi ya kulinda mazingira." "Shule ikikosa gari la taka, kuchoma ni sawa." "Mtoto asiyetulia darasani anaweza kuwa ameathiriwa na mazingira ya anakoishi." "Usafi wa mtaro ni kazi ya kaunti peke yake." Majibu ya kauli kama hizi yatamwambia mkufunzi ni wapi pa kuanzia. Kama wengi watakubali kwamba kuchoma taka ni sawa, chuo kitajua somo lijalo ni moshi na mapafu. Kama wengi watasema mtaro ni kazi ya kaunti peke yake, au kinyume chake kwamba kaunti haina kazi yoyote hapo, basi somo lijalo ni Katiba.

Haki za anayepimwa

Alama za mtazamo si kitu cha kumwajiri mtu au kumnyima kazi. Mara tu watu watakapojua kwamba 60 inampa mtu nafasi na 50 inamnyima, kila mmoja atapata 60, na kipimo kitakuwa kimekufa. Matumizi yake halali ni kuboresha mafunzo.

Mtu yeyote anayetaka kufanya utafiti nchini anatakiwa kuwa na leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, NACOSTI, chini ya sheria ya mwaka 2013. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka mtu aelezwe taarifa zake zinakusanywa kwa sababu gani, na inalinda zaidi taarifa za watoto, ambazo huhitaji idhini ya mzazi au mlezi. Kwa hiyo mgeni akifika shuleni na hojaji, ni haki ya mwalimu mkuu na wazazi kuomba waone leseni, kuuliza majibu yatawekwa wapi, na kuomba matokeo yaletwe shuleni kazi ikiisha. Eastlands imejibu hojaji nyingi. Kuomba kuonyeshwa matokeo si ukaidi.

Mkazi anaweza kufanya nini

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 iliweka bodi za usimamizi wa shule na chama cha wazazi katika kila shule ya umma. Katika kikao kijacho, mzazi anaweza kuuliza maswali matatu: walimu wa mazoezi wanaokuja muhula huu watafundisha nini kuhusu mazingira ya mtaa huu? Taka za shule zinakwenda wapi? Kuna mtu wa mtaani anayeweza kuja kuwaeleza walimu hao hali ilivyo kabla hawajaingia darasani? Mwalimu anayetoka Kisii au Kitui hana kosa kwa kutoijua Korogocho. Kosa ni kumwacha aondoke bila kuijua, na wenyeji wapo.

Vikundi vya vijana vinavyosafisha mitaa na kingo za mito ni darasa lililo tayari. Nusu siku ya mwalimu mtarajiwa pamoja na kikundi cha aina hiyo, akiona taka zinavyotenganishwa na bei ya kila kilo, itamfundisha zaidi ya kurasa nyingi za vitabu. Baada ya hapo apimwe tena.

Upande wa kaunti, wajibu uko wazi. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe zinakotoka, zinazooza upande mmoja na zisizooza upande mwingine, na taasisi za umma na za kibinafsi zimo. Mwalimu akiwafundisha watoto kutumia mapipa mawili, kisha lori likaja likamwaga yote pamoja mbele ya macho yao, somo limeishia hapo. Hakuna hojaji itakayouinua mtazamo huo tena. Mkazi akiona hivyo, aseme: kwa ofisi ya wadi, kwa afisa wa mazingira, au katika vikao vya ushirikishaji wa umma wakati wa kupanga bajeti. Walimu wa chekechea, ambao ni wa kaunti, nao wanastahili kuulizwa maswali haya haya kama wenzao wa msingi, maana wao ndio wanaompokea mtoto kwanza. Samaki mkunje angali mbichi.

Kupima mtazamo wa mwalimu mtarajiwa hakusafishi mto wala hakuondoi risasi kwenye damu ya mtoto. Kunasaidia kujua, kabla hajakabidhiwa watoto 50 au 60, kama atauona mto ule na mtoto yule. Kipimo kikifanywa kwa uaminifu, kwa lugha inayoeleweka na kwa maswali ya mahali penyewe, kitamwonyesha mkufunzi cha kurekebisha wakati bado kuna muda. Kikifanywa kwa mazoea, kitaishia kwenye kabati la ofisi, na mwalimu ataingia darasani vile vile alivyokuwa.

Muhula ujao walimu wa mazoezi watakuja tena. Wakaribisheni, waonyesheni mtaa, kisha waulizeni wamejifunza nini.